Barua mbili za Ujerumani mkononi: uende Munich au Aachen?

Kupata udahili wa shahada ya uzamili Ujerumani ni kazi. Kupata barua mbili kwa mpigo ni kazi nyingine, maana kufikia hapo chuo kimeshamaliza kukuchagua na sasa ni zamu yako. Wengi huamua kwa jina. Kile kinachosikika zaidi kijiweni ndicho kinachoshinda, halafu hesabu zinatafutwa baadaye za kukitetea. Hapa tutaanza na hesabu ya fedha mpaka siku ya kupokea cheti, tuingie kwenye masomo yenyewe, kisha ajira na cheti kukubalika nyumbani. Jina la chuo litasubiri.

Nitatumia mfano mmoja. Tuseme ni binti wa Dar es Salaam, amemaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, ana barua ya Technical University of Munich (TUM) kwa uzamili wa Informatics na nyingine ya RWTH Aachen kwa uzamili wa Data Science. Vyuo vyote viwili ni vya umma, vyote vimo kwenye TU9, lile kundi la vyuo vikuu tisa vikubwa vya ufundi nchini humo, na umri wao unakaribiana: TUM ni ya 1868, RWTH ni ya 1870. Programu zote mbili zinafundishwa kwa Kiingereza. Kitaaluma hakuna upande wa kuonea aibu, na ndiyo maana mfano huu unafaa. Kama wewe ni wa Nairobi, Bujumbura au Goma, badilisha majina ya ofisi za nyumbani. Hatua ni zilezile.

Hatua ya kwanza: soma barua, usisome kichwa cha barua

Angalia kama udahili ni kamili au una masharti. Masharti ya kawaida ni cheti halisi cha shahada (wengi huomba wakiwa na matokeo ya muda tu) au cheti cha Kiingereza. Sharti ambalo hutalitimiza kabla ya kujisajili linaifanya barua hiyo kuwa nusu barua, na ndivyo unavyopaswa kuihesabu.

Kisha angalia ni nani hasa anayeendesha programu. Hapa watu wengi huponzwa na Aachen. RWTH ina programu zake za kawaida, zisizo na ada ya masomo, na ina nyingine zinazoendeshwa kupitia RWTH International Academy ambazo hutoza maelfu ya euro kwa muhula. Ni mji uleule na chuo kilekile, ila mlango ni mwingine na bei ni nyingine. Data Science ya mfano wetu iko upande wa programu za kawaida.

Na kama moja ya barua zako ni ya chuo binafsi, litafute jina lake kwenye Hochschulkompass, orodha inayotunzwa na umoja wa vyuo vikuu vya Ujerumani, uone kama kinatambuliwa na serikali. Wakala aliyekupatia udahili huo kwa kawaida analipwa na chuo hichohicho. Vyuo vya umma haviishi kwa mawakala, kwa hiyo usishangae ukiona hakuna anayekusukuma uende Aachen.

Hatua ya pili: piga hesabu mpaka cheti, na uongeze muhula mmoja

Maneno "Ujerumani elimu ni bure" bado yanazunguka, na bado yana ukweli, ila si kila mahali. Jimbo la Baden-Württemberg, kwenye vyuo kama Stuttgart, Heidelberg na Karlsruhe, linatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu muhula wa baridi (ule unaoanza Oktoba) wa 2017/18. Bavaria, jimbo ilipo Munich, ilibadilisha sheria yake ikaviachia vyuo viamue vyenyewe, na TUM ilianza kutoza kuanzia muhula wa baridi wa 2024/25: kwa uzamili ni euro 4,000 au 6,000 kwa muhula, kutegemea programu. Aachen iko jimbo la Nordrhein-Westfalen. Huko unalipa mchango wa muhula tu, ambao ni kama euro 300 na ushee, na ndani yake mna tiketi ya usafiri ya wanafunzi.

Uzamili huu ni wa mihula minne kwenye karatasi. Lakini Ujerumani ni jambo la kawaida kabisa kumaliza kwa mitano, hata sita. Tasnifu inachelewa, mtihani mmoja unarudiwa, au umepata kazi ya saa 20 kwa wiki ukapunguza masomo. Hakuna atakayekushangaa. Penye ada, hata hivyo, kila muhula uliosajiliwa unadaiwa. Kwa hiyo usipige hesabu ya mihula minne, piga ya mitano.

Kwa kiwango cha 6,000, TUM ni euro 24,000 kwa mihula minne na 30,000 kwa mitano. Aachen kwa mihula mitano ni kama 1,500 au 1,700 hivi, ya michango tu. Hapo hujala wala hujalala.

Gharama za kuishi zina kipimo chake rasmi. Ubalozi unataka uonyeshe euro 11,904 kwa mwaka mmoja kwenye akaunti maalumu, Sperrkonto, ambayo ukifika inakuachia euro 992 kila mwezi na si zaidi. Ukikadiria euro moja kwa shilingi 2,900 za Tanzania, hiyo ni zaidi ya milioni 34 zikiwa zimekaa tayari kabla hujagusa ndege. Kiasi hicho ni kimoja kwa nchi nzima. Ubalozi haujali kama unakwenda mji wa bei ya juu au ya chini. Wewe ndiye wa kujali, na hapo ndipo Munich na Aachen zinapoachana.

Hatua ya tatu: fuata chumba kabla hujafuata chuo

Munich ndio mji ghali kuliko yote Ujerumani kwa kodi ya nyumba. Chumba kimoja kwenye nyumba ya kushirikiana na wenzako huko ni euro 700 hadi 800 kwa mwezi, na kukipata ni mbio. Aachen chumba cha namna hiyo ni kama nusu ya hapo, au zaidi kidogo.

Chukua sasa zile 992. Toa bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo ni lazima na ni karibu euro 145 kwa mwezi kama hujafikisha miaka 30. Toa 800 za chumba cha Munich. Zinabaki 47. Na hizo 47 ni za chakula, simu, sabuni, na fungu lako la ada ya redio na televisheni ambayo kila kaya inadaiwa, uwe na televisheni usiwe nayo (euro 18.36 kwa mwezi, mnagawana mnaoishi pamoja). Fanya hesabu hiyohiyo kwa Aachen na chumba cha 430: zinabaki 417. Mtu anakula, anatuma na kidogo nyumbani.

Anayekwenda Munich kwa hiyo asiweke 992 kwenye bajeti, aweke 1,200. Kwa miezi 30 ni euro 36,000, ukijumlisha na ada unafika 66,000. Aachen kwa 992 na michango yake ni kama 31,500. Pengo hilo la 34,500 ndilo linalopaswa kuwa mezani mnapokaa na wazazi.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu ya mwezi. Mwenye nyumba ana haki ya kukudai amana hadi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za kupasha joto. Kwa chumba cha Munich hiyo inaweza kukaribia euro 2,000 na kitu, siku za mwanzo kabisa, wakati akaunti yako inatoa 992 tu. Ada ya muhula wa kwanza nayo TUM inaitaka ndipo usajiliwe. Fedha hizi lazima ziwe nje ya Sperrkonto. Wapo wanaofika na milioni thelathini na nne benki wakashindwa kulipia chumba.

Ombi la bweni lipeleke siku ileile unayopata barua, miji yote miwili, kabla hata hujaamua. Mabweni ya Studierendenwerk, taasisi ya huduma za wanafunzi, ndiyo ya bei nafuu, na Munich foleni yake hupita muhula mmoja. Ukija kujitoa hakuna ubaya. Na ukikutana na "mwenye nyumba" anayedai yuko nje ya nchi, umtumie amana naye akutumie funguo kwa posta, huyo ni tapeli, hata kama picha za chumba zinapendeza namna gani.

Hatua ya nne: fungua kitabu cha moduli

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na haina gharama yoyote zaidi ya jioni mbili.

Kila programu ya Ujerumani ina hati mbili mtandaoni. Moja inaitwa Modulhandbuch, inayoorodhesha masomo yote, pointi zake, lugha yake, muhula yanapofundishwa na namna ya mtihani. Nyingine ni Prüfungsordnung, kanuni za mitihani. Hizi ndizo zinazokufunga kisheria, kuliko ukurasa wa matangazo wenye picha za vijana wanaocheka kwenye nyasi.

Kwenye kitabu cha moduli, usisome yote. Andika masomo manane unayoyatamani kweli, kisha kwa kila moja tazama lugha na muhula. Utashangaa. Programu inatangazwa kuwa ni ya Kiingereza, na ni kweli unaweza kuimaliza kwa Kiingereza, lakini baadhi ya masomo ya kuchagua yanafundishwa kwa Kijerumani, au yanatolewa mara moja kwa mwaka. Ukibaki na masomo mawili kati ya manane upande mmoja na saba upande mwingine, umeshapata jibu ambalo orodha ya vyuo bora duniani haiwezi kukupa.

Kisha tasnifu. Uzamili wa aina hii ni pointi 120, na 30 kati yake ni tasnifu, yaani robo nzima. Ingia kwenye tovuti ya idara, tafuta maprofesa watatu wanaofanya kile unachokitaka, uone tasnifu zilizoandikwa chini yao karibuni. Binti wetu akipenda kompyuta zenye nguvu kubwa za kuchakata data, Aachen ina turufu: RWTH inashirikiana na kituo cha utafiti cha Jülich, kilichoko jirani, ambako JUPITER, kompyuta ya kwanza Ulaya ya kiwango cha eksaskeli (yaani hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde), ilizinduliwa Septemba 2025. Akipenda mambo ya magari na roboti pamoja na kampuni zinazoyalipia, Munich nayo ina makao makuu ya BMW na Siemens mlangoni.

Kwenye kanuni za mitihani tafuta jambo moja: mtihani unaruhusiwa kurudiwa mara ngapi. Vyuo vingi vinatoa nafasi tatu. Ukishindwa ya tatu katika somo la lazima, unaondolewa kwenye programu, na kwa kawaida huwezi kudahiliwa tena kwenye fani hiyohiyo katika chuo kingine cha Ujerumani. Kwetu tumezoea sapu na kurudia mwaka, kwa hiyo kanuni hii huwakuta watu usingizini. Linganisha kanuni za vyuo vyako viwili neno kwa neno. Ziko kwa Kijerumani. Zitafsiri kwa programu yoyote, utapata maana ya kutosha.

Hatua ya tano: waulize waliopo

Usiulize "chuo kikoje?" Utajibiwa "kiko poa." Uliza vitu vyenye namba au tarehe ndani yake. Watanzania na Wakenya wako miji yote miwili, na kupitia makundi ya WhatsApp utafika kwa mtu ndani ya siku mbili. Ujumbe wa namna hii hujibiwa:

"Habari za Aachen, dada. Samahani kwa usumbufu, naitwa fulani, nimepewa namba yako na kaka yetu wa kundi la wanafunzi. Nimepata udahili wa Data Science kwa muhula wa Oktoba na nina barua nyingine ya Munich. Naomba kukuuliza mambo matatu tu: ulikaa wapi mwezi wa kwanza kabla ya kupata chumba? Katika wenzako mlioanza pamoja, wangapi wamemaliza kwa mihula minne? Na kazi ya kwanza uliipata baada ya muda gani, kwa Kijerumani cha kiwango gani? Ukipata nafasi tu dada, hata sauti fupi inatosha."

Waulize watu wawili kila upande. Mmoja akiwa na kinyongo na mwenzake akiwa na mapenzi, utajua kusoma katikati.

Hatua ya sita: kazi wakati wa masomo na baada yake

Kisheria miji yote miwili ni sawa. Tangu Machi 2024, mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, na kazi za chuoni, kama kumsaidia profesa utafiti, hazihesabiwi humo. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Saa 20 kwa wiki ni euro 278 kabla ya makato. Ukimaliza, unaweza kupata kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi ya fani yako.

Kwa hiyo tofauti haiko kwenye sheria, iko sokoni. Munich ina kampuni nyingi na mishahara ya juu, na mtu mwenye ujuzi wa programu akishapata kazi ya mwanafunzi huko anaweza kuziba sehemu ya pengo lile. Aachen ni mji mdogo, mpakani na Ubelgiji na Uholanzi, kazi nyingi ziko kwenye taasisi za utafiti na kampuni zilizozaliwa chuoni. Ukitaka soko pana unapanda treni kwenda Cologne. Hoja ya Munich ni ya kweli. Ninachokataa ni kuitumia kabla ya kufika. Mshahara ambao hujaupata usilipie ada ya muhula wa pili, kwani miezi sita ya kwanza wengi hawana kazi, na sababu kubwa ni lugha. Anza Kijerumani sasa, Goethe-Institut ziko Dar es Salaam na Nairobi. Kiwango cha B1, yaani cha kati, siku ya kufika kina thamani kuliko tofauti ya majina ya vyuo hivi viwili.

Ufadhili unaweza kupindua hesabu yote. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana ofisi Nairobi na hutangaza nafasi zao mwaka mmoja kabla. TUM ina utaratibu wake wa misamaha ya ada na ufadhili. Deutschlandstipendium, ufadhili unaotolewa kupitia vyuo, hutoa euro 300 kwa mwezi bila kujali uraia, ila chuo lazima kiwe kimeiingia na unashindana na wengi. Ukipata msamaha kamili wa ada TUM, pengo linapungua kwa euro 30,000, na hapo Munich inarudi mezani kwa haki. Lakini soma kama msamaha ni wa muhula mmoja au wa programu nzima.

Hatua ya saba: cheti kikirudi nyumbani

Tanzania, shahada ya nje inapelekwa TCU, tume ya vyuo vikuu, itambuliwe. Kenya ni CUE, tume ya huko. Kwa vyuo vya umma vya Ujerumani vya ukubwa huu sioni kikwazo. Kwa fani zenye bodi, mambo ni tofauti. Mhandisi atataka usajili wa ERB Tanzania au EBK Kenya, daktari ana baraza lake, na bodi hizo hutazama masomo uliyosoma, si sifa ya chuo. Waandikie barua pepe kabla hujachagua, ukiambatisha orodha ya moduli. Kwa mwanafunzi wa kompyuta hatua hii inapitwa haraka.

Hatua ya nane: visa ndiyo inayofunga mjadala

Muhula wa baridi unaanza rasmi tarehe 1 Oktoba, na mihadhara TUM na Aachen huanza katikati ya mwezi huo. Rudi nyuma kuanzia hapo. Ombi la visa ya masomo linawasilishwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa ubalozi, ada yake ni euro 75, na kusubiri kunaweza kula wiki nyingi. Barua iliyokuja Aprili na iliyokuja Julai hazina uzito mmoja, hata kama ya Julai ndiyo ya ndoto zako. Omba kwa barua moja tu.

Zamani ukinyimwa visa uliweza kuandika pingamizi ubalozini bila malipo. Utaratibu huo umefutwa duniani kote tangu tarehe 1 Julai 2025. Sasa unaomba upya au unakwenda mahakamani Berlin. Kwa hiyo faili liende limekamilika mara ya kwanza, na barua yako ya kueleza nia iweze kujibu swali litakaloulizwa: kwa nini programu hii, na nani analipa. Hapo utaona faida ya hatua zilizotangulia. Aliyesoma kitabu cha moduli anataja masomo na profesa. Aliyechagua kwa jina anaandika "chuo chenu maarufu".

Mfadhili akiwa mzazi, hesabu ya Aachen ni rahisi zaidi kuitetea mbele ya ofisa kuliko ya Munich, na kwa binti wa mfano wetu, asiye na msamaha wa ada, mimi ningempeleka Aachen bila kusita. Angekuwa na msamaha wa programu nzima na chumba cha bweni kimeshathibitishwa, ningemwambia aende Munich. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Ukishaamua, kubali nafasi ndani ya muda uliowekwa kwenye mfumo wa chuo. Vyuo vya umma kwa kawaida havikudai amana ya kushikia nafasi. Cha pili kikatae kwenye mfumo wake, ili nafasi imfikie aliye kwenye orodha ya kusubiri, ila fanya hivyo baada ya visa kutoka, kama tarehe zao zinaruhusu. Barua uliyoikataa ihifadhi. Visa ikichelewa ukakosa muhula, utaomba upya msimu unaofuata, na nyaraka ulizowatumia mara ya kwanza zitakupunguzia kazi nusu nzima.